Arobaini imekwisha lakini mwili bado hauko sawa: uzi wa kupona baada ya kujifungua

Mleta uzi

Ninafanya kazi ya ukunga, na kwa muda wote niliokaa katika wodi ya wazazi kuna jambo moja ambalo halijaacha kunikera. Mtoto akishatoka, macho ya watu wote humhamia yeye. Anapimwa uzito, anachomwa chanjo, kadi yake inatiwa kwenye mfuko wa plastiki isilowe, na kila mgeni anayefika nyumbani huuliza kama ananyonya vizuri. Mama huulizwa kama ameshakunywa uji, na maswali yanaishia hapo. Anaporudi kliniki hukaa kwenye foleni, mtoto hupimwa, kisha yeye huondoka bila mtu kumshika tumbo, kumpima presha wala kumuuliza kama mshono umefunga. Nimeanzisha uzi huu ili safari hii tuzungumze kuhusu mwili wa mama mwenyewe, tangu siku ya kwanza hadi miezi ile ambayo watu wameshasahau kwamba alizaa.

Nianze na yale ambayo mwili huyafanya wenyewe, kwa sababu nimeona wazazi wengi wakiyaogopa mambo ya kawaida na kuyavumilia yale ambayo hayakupaswa kuvumiliwa hata kwa usiku mmoja. Kondo la nyuma linapotoka, mji wa mimba huwa na uzito unaokaribia kilo 1, na ukipapasa utausikia mgumu usawa wa kitovu. Kila siku hushuka kwa kadiri ya upana wa kidole kimoja, na kufikia mwisho wa wiki ya pili huwa umeshuka nyuma ya mfupa wa kinena, mahali ambapo mkono hauwezi tena kuusikia. Baada ya wiki 6 huwa umebaki na gramu 60 hivi. Kusinyaa huko ndiko kunakoleta yale maumivu ambayo bibi zetu huyaita chango, na huwa makali zaidi kwa aliyezaa mara kadhaa kuliko kwa mzazi wa kwanza. Huja hasa mtoto anaponyonya, kwa kuwa kunyonya huamsha homoni inayoubana mji wa mimba. Kwa hiyo mama anayesema tumbo linamkata kila anapomweka mtoto kwenye titi hana ugonjwa, na vidonge vya parasetamoli alivyoandikiwa hospitali anaweza kuvimeza bila kuogopa kwamba vitamdhuru mtoto.

Damu nayo ina mwendo wake. Siku 3 au 4 za kwanza huwa nyekundu, halafu hufifia na kuwa ya kahawia au ya waridi, na kuanzia siku ya 10 hivi hugeuka uchafu mweupe au wa njano hafifu ambao unaweza kuendelea hadi wiki ya 4, na kwa wengine hadi ya 6. Jambo la kuangalia ni kama inapungua. Ikiwa ilikuwa imeshafifia, kisha ikarudi nyekundu siku uliyofua nguo za nyumba nzima, mwili umekuambia kwamba ulikuwa haujawa tayari, nawe pumzika. Ukipumzika na isipungue, nenda ukaonwe.

Sasa nije kwenye arobaini yenyewe. Mimi si miongoni mwa wahudumu wanaoibeza. Aliyeipanga alijua kwamba mwanamke aliyetoka kuzaa anahitaji kulala, kula na kutumwa na mtoto mmoja tu, na muda wake unakaribiana sana na wiki 6 ambazo vitabu vya ukunga navyo vinazitaja. Lakini ilipangwa kwa nyumba yenye mama mzaa chema, shangazi, wifi na mabinti wa kutumwa kisimani. Leo hii mzazi yuko katika chumba cha kupanga Mbagala, mumewe anatoka alfajiri, na mama yake aliyetoka Singida amekaa wiki moja akarudi kuangalia mifugo. Tumebaki na masharti ya arobaini huku watu wa kuyatekeleza wameondoka, na hapo ndipo yanapoanza kumuumiza mtu. Mama anakatazwa kula hiki na kile, anatakiwa akandwe, wakati huohuo anainama kupiga deki.

Kuhusu kukandwa nitasema kwa kirefu kidogo, maana najua ndilo litakaloleta ubishi. Mkandaji huchovya taulo kwenye ndoo ya maji yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini, hulikamua haraka huku akirusharusha vidole kwa sababu ya moto, kisha hulibandika kwenye tumbo la mzazi na kukandamiza kwa nguvu zake zote. Mimi huwaambia wakandaji jambo moja: maji ambayo wewe mwenyewe huwezi kuyashika, usiyaweke kwenye ngozi ya mwenzako. Nimeshawahudumia wazazi walioungua tumboni na mapajani, tena mikononi mwa watu wanaowapenda. Kukandwa mgongo na miguu kwa maji ya uvuguvugu kunaburudisha na sioni sababu ya kukukataza. Kukandamiza tumbo kwa nguvu hakusukumi nje "damu chafu" yoyote, kwa kuwa mji wa mimba hujisafisha kwa kujibana wenyewe, na kwa aliyefanyiwa upasuaji tendo hilo linaweza kuufungua mshono.

Aliyechanika au kuongezewa njia, katika siku mbili za kwanza baridi humfaa kuliko moto. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi, iwekwe kwa dakika 10 hadi 20, hupunguza uvimbe na maumivu. Baadaye anaweza kukalia beseni la maji safi ya uvuguvugu. Chumvi si ya lazima, na dettol msiitie kabisa, kwa sababu huichoma ngozi ambayo ndiyo kwanza inaota. Abadilishe pedi kila baada ya saa 4 hivi hata kama haijajaa, ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, na akikojoa ajimwagie maji ili mkojo usimchome. Nyuzi nyingi zinazotumika siku hizi huyeyuka zenyewe ndani ya wiki chache, kwa hiyo akiona kipande cha uzi kwenye pedi asishtuke.

Kuna mambo ambayo hayangoji kukicha. Pedi kulowa chapachapa ndani ya saa moja au kutoka kwa mabonge makubwa ya damu, homa inayofika nyuzi joto 38, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana huku macho yakiona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi, kubanwa kifua au kukosa pumzi, degedege. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama hata wakati mtoto ameshazaliwa, na hatari hiyo haiishi siku anaporuhusiwa kutoka wodini.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 baada ya kuzaa kwa njia ya kawaida, kisha waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Ukienda, usisubiri kuulizwa. Sema unapoumwa.

Mama wa Morogoro

Dada mkunga, ahsante kwa kuandika. Mimi nilijifungua kwa upasuaji, na ninaomba uongeze maelezo kwa upande wetu, kwa kuwa tunachukuliwa kana kwamba tulipata njia ya mkato. Wifi yangu aliniambia nilale tu nisitikisike mpaka arobaini iishe, ilhali nesi aliniamsha kesho yake asubuhi na kunitaka nitembee. Nilimwona katili. Ni nani kati yao alikuwa na haki? Pia kila ninapokohoa nahisi kama tumbo litapasuka, na chini ya mshono kuna sehemu imekufa ganzi kabisa.

Mleta uzi

Nesi alikuwa na haki, mdogo wangu, ingawa pengine angeweza kukueleza sababu. Damu ya mwanamke mjamzito na ya aliyetoka kuzaa huganda kwa urahisi kuliko ya mtu mwingine, na hali hiyo huendelea kwa wiki kadhaa baada ya kujifungua. Ukilala bila kusogea, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu, na bonge hilo likipanda hadi kwenye mapafu huua mtu ghafla. Upasuaji huiongeza hatari hiyo. Kutembea kwenda chooni na kurudi, hata kwa kujikongoja huku umeshika ukuta, ni sehemu ya matibabu.

Namna ya kuamka ina ufundi wake. Usijiinue moja kwa moja kutoka chali, kwa sababu unauvuta mshono wote kwa pamoja. Kunja magoti, geukia ubavu, teremsha miguu ukingoni mwa kitanda, kisha jisukume kwa kiwiko na kiganja hadi ukae. Kaa hivyo kidogo kizunguzungu kipite, ndipo usimame. Unapotaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, kandamiza mto mdogo au kanga iliyokunjwa juu ya kidonda. Ngozi ya nje huwa imeshikana ndani ya wiki mbili hivi, lakini chini yake kuna tabaka kadhaa zilizoshonwa, ukiwamo mji wa mimba wenyewe, nazo zinahitaji wiki 6 na zaidi. Ndiyo maana tunakuambia usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mzazi wa upasuaji hana biashara nayo.

Ganzi hiyo hutokana na mishipa midogo ya fahamu iliyokatwa. Kwa kawaida hupungua katika miezi inayofuata, na kwa baadhi ya watu hubaki kidogo bila madhara. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni kidonda kuwa chekundu na cha moto, kutoa usaha, au kuachana.

Bi Mkubwa wa Mombasa

Mwanangu mkunga, Mungu akuzidishie. Nimekanda wazazi wengi, na maneno yako ya maji ya moto nimeyapokea, ingawa tumbo kwangu ni la kufungwa, na mkaja siuachi. Nilitaka pia kuwakumbusha mabinti jambo la nifasi, yaani damu ya uzazi. Kuna wanaodhani ni lazima wangoje siku 40 kamili ndipo waoge na kuswali. Sisi tulio katika madhehebu ya Shafi, 40 ni kawaida ya wanawake wengi na ukomo ni 60. Damu ikikatika kabla ya hapo, hata ikiwa ni siku ya 20, mwanamke huoga na kuswali. Ninayasema haya kwa kuwa nimeona msichana ambaye damu ilimtoka tele wiki ya tano, nasi tukanyamaza kwa hoja kwamba arobaini bado haijatimia. Hesabu ya ibada na hesabu ya ugonjwa ni mambo mawili.

Mleta uzi

Shikamoo Bi Mkubwa. Umesema jambo ambalo mimi nisingeweza kulisema kwa uzito huo, na ninaomba kila anayepita hapa alisome.

Mkaja sina ugomvi nao. Kanga iliyofungwa kwa kiasi humpa mama egemeo, hasa aliyepasuliwa, na humsaidia kusimama wima. Ninachoomba usikazwe hadi mtu ashindwe kuvuta pumzi au kula, na usitarajiwe kurudisha misuli mahali pake. Misuli miwili ya mbele ya tumbo huachana wakati wa ujauzito ili kumpisha mtoto, na hurudi taratibu katika wiki za mwanzo. Ukilala chali, ukainua kichwa kidogo na kuweka vidole juu ya kitovu, utausikia mwanya. Ukibaki na upana unaozidi vidole viwili baada ya miezi kadhaa, mwone mtaalamu wa fiziotherapia. Mazoezi ya kujikunja tumbo ambayo vijana wanayafanya kwenye gym huweza kuuzidisha, kwa hiyo yasiwe ya kwanza kuyakimbilia.

Kuhusu damu "tele" uliyoitaja, macho ya binadamu ni mizani mbovu. Hata sisi wahudumu tulikuwa tukikadiria kwa kutazama na kupunja. Utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na matokeo yake kutangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kuikinga damu kwenye mfuko wa plastiki wenye vipimo na kuanza matibabu yote kwa pamoja mara kiwango fulani kinapofikiwa hupunguza utokaji mkubwa wa damu na madhara yake mabaya kwa asilimia 60. Nyumbani hakuna mfuko wa aina hiyo, lakini kuna pedi na saa. Hesabu pedi.

Baba wa Dodoma

Naomba kuuliza kwa heshima zote. Mke wangu ana wiki ya saba. Nimeambiwa na wenzangu kazini kwamba arobaini ikipita mambo yanarudi kama zamani, lakini yeye analalamika maumivu. Je, ananikwepa? Na ni chakula gani hasa ninunue? Hapa nyumbani wazee wameagiza supu na uji wa pilipili manga tu, mboga za majani na matunda wamezikataza.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hakukwepi. Mama anayenyonyesha hupungukiwa homoni inayoilainisha njia ya uzazi, hivyo ukavu na maumivu ni mambo ya mwili wala si ya moyo. Ongeza mshono ambao huenda bado unavuta, na usiku wa kuamka mara nne. Hakuna tarehe inayolazimisha. Damu iwe imekatika, kidonda kiwe kimepona, naye mwenyewe awe tayari. Maumivu yakiendelea, nendeni wote wawili kliniki, na hukohuko mzungumze uzazi wa mpango, kwa kuwa yai linaweza kupevuka kabla hedhi ya kwanza haijaonekana. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine, na kwa aliyepasuliwa ushauri huo una uzito zaidi.

Chakula: supu ni nzuri, uji ni mzuri, na mtori wa Wachaga una sifa yake ya haki. Ila kumnyima mzazi mboga na matunda ni kumtafutia choo kigumu, na choo kigumu juu ya mshono mpya au bawasiri ni adhabu ambayo wewe na mimi tusingeiweza. Mnunulie papai, mchicha, matembele, maharage, dagaa, mayai, na awe na maji ya kunywa pembeni kila anaponyonyesha. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa aendelee navyo kwa muda alioelekezwa na asivimeze pamoja na chai, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Halafu chukua ndoo, wewe.

Mwalimu wa Kigoma

Mimi nina jambo la aibu kidogo. Nimerudi kazini baada ya likizo yangu ya siku 84, na ninaposimama darasani nikipiga chafya mkojo unanitoka. Ninavaa pedi kila siku. Mama yangu anasema ndivyo wanawake walivyo baada ya kuzaa, nimshukuru Mungu mtoto ni mzima.

Mleta uzi

Mwalimu, ni jambo la kawaida kwa maana ya kwamba huwapata wengi, lakini si la kukubali kuishi nalo. Misuli inayobeba kibofu na mji wa mimba imenyooshwa na kulegea, nayo huimarishwa kwa mazoezi. Ibane kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa wakati mmoja, bila kubana makalio wala kuzuia pumzi. Shikilia sekunde chache, uachie kabisa, urudie hadi mara 10, angalau mara tatu kwa siku. Unaweza kuyafanya ukiwa umekaa unasahihisha madaftari na hakuna mwanafunzi atakayejua. Usiyafanye katikati ya kukojoa, na usitegemee mabadiliko kwa wiki moja. Wengi huanza kuona tofauti baada ya wiki kadhaa za kutoacha, na miezi mitatu ni muda wa haki wa kuyapima. Usipoona nafuu, omba rufaa ya fiziotherapia katika hospitali ya mkoa.

Hali yako niitenganishe na nyingine, kwa ajili ya anayesoma kimya. Mkojo ukitoka wenyewe muda wote, umelala au umekaa, bila chafya wala kikohozi, hasa baada ya uchungu uliochukua muda mrefu sana, hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hakuna zoezi linaloliziba. Likigunduliwa mapema na likiwa dogo, mpira wa mkojo ukiachwa ndani kwa wiki kadhaa unaweza kuliacha lijifunge lenyewe, na lisipojifunga linarekebishwa kwa upasuaji. Kwa Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutoa matibabu hayo bila malipo. Mwenye dalili hizo aende kituo cha afya kilicho karibu wiki hii na kueleza kwamba mkojo haukatiki, ili aandikiwe rufaa.